Rolo za mdalasini zilizolala kuzigeuza mkate wa mayai, mbona zinanifungukia?

mama_wa_isevya

Wadau wa jiko habari za jioni, naombeni msaada wa haraka kabla ya jumapili. Mimi naoka nyumbani hapa Isevya Tabora, maandazi, skonzi na siku za karibuni rolo za mdalasini maana wateja wameanza kuziulizia. Jumatano nilikuwa na oda ya rolo 24 za mtu anayesafiri na treni ya Kigoma, nikaoka, nikapanga kwenye boksi, nikamwagia na aisingi kabisa (ile sukari ya unga ya juu), saa ya kuja kuchukua simu haipokelewi, baadae meseji inaingia "dada samahani safari imeahirishwa". Nusu ya hela alikuwa ameshanipa kwahiyo sijaumia sana lakini rolo ndio ninazo mimi. Tumekula, majirani nimewagawia, watoto wamebeba shule mpaka walimu wameonja, zimebaki 10 na zimekauka haswa, ukiibonyeza haibonyei.

Sasa jumapili baada ya misa ya kwanza wanakuja mawifi zangu wawili kutoka Urambo na mmoja wao ni wale wa "siku hizi watu tunafanya branchi", yaani siyo chai siyo chakula cha mchana ipo hapo katikati na lazima pawe na kitu kitamu. Nikaona basi hizi rolo nizifanye mkate wa mayai, ule wa kuchovya kwenye mayai na maziwa ukakaanga, nimeshaona watu wanafanya na unapendeza kweli kwenye sahani. Leo nikajaribu na 2. Mayai mawili, maziwa, sukari vijiko viwili, mdalasini, vanila, nikapiga, nikatumbukiza rolo nzima nikaweka kwenye frampeni. Jamani. Kwanza imefunguka yote kama utepe wa kaseti uliovutwa na mtoto. Pili ile aisingi imeshika kwenye frampeni ikawa lami, moshi mpaka sebuleni. Tatu nje imeungua, naikata katikati ndani pakavu vile vile kama ilivyotoka kwenye boksi, yai halijafika hata. Ya pili nikasema hii niiloweke muda mrefu, ikalainika ikawa uji, nikiigeuza inamegeka, ndani yai bichi. Na mdalasini wote umeelea juu ya mayai madonge madonge. Mume wangu amekula akasema siyo mbaya, na yule akisema siyo mbaya ujue ni mbaya.

Zimebaki 8. Nakosea wapi? Napikia mkaa. Oveni ninayo ndogo ya umeme ila asubuhi ya wageni siwezi kuitegemea.

jiko_la_gungu

Pole dada, na pole na hiyo oda, ingefika huku mwisho wa reli tungeipokea bila kuulizana. Mimi nimepika chai ya asubuhi kwenye hoteli ndogo ya wageni hapa Kigoma miaka sita, rolo za jana ndio mkate wa mayai wa leo, hatukutupa hata moja. Makosa yako ni mengi ila mzizi mmoja, umeichukulia rolo kama slesi ya mkate. Slesi ni nyembamba na haina sukari ya kutisha, rolo ni nene kama ngumi na tumbo lote limejaa sukari, ndio maana nje inaungua ndani hakujafika kitu.

Kwanza kabisa kwangua aisingi. Yote, hata iliyoingia kwenye mifereji, tumia mgongo wa kisu, maana sukari ya unga haisubiri yai liive. Halafu ilaze rolo kama ilivyokaa kwenye trei, chukua kisu cha mkate chenye meno, kata kwa ubavu upate visahani viwili, cha juu na cha chini, kila kimoja kina konokono wake, yaani ule mzunguko wa mdalasini. Kisahani kiwe na unene kama sentimita 2 hivi. Usikate kutoka juu kwenda chini kama keki, ukikata hivyo umeshakata ule mzunguko vipande vipande na kila kipande kinajiendea. Ule mkia wa nje kabisa wa rolo uchome na kijiti cha kuchokonolea meno uingie mpaka mzunguko wa pili, unakitoa ukishageuza upande wa kwanza. Kitoe kweli, siyo wifi aje akitafune.

Kwenye mayai sukari acha kabisa. Kipimo changu ni yai moja kwa robo kikombe cha maziwa, kwa visahani 16 anza na mayai 6 na maziwa kikombe kimoja na nusu, chumvi unayoweza kubana kwa vidole viwili, vanila. Mdalasini tayari umo kwenye rolo wala huna haja, mimi nakunia kungumanga kidogo. Kama roho inautaka mdalasini basi anza kuusaga na kiini kimoja cha yai mpaka uwe kama rojo ndio umimine vingine, ukiutupa juu ya maziwa mkavu utaelea mpaka kesho, ule haunywi maji haraka.

Maziwa kama ni ya kupimiwa mtaani yamechemshwa, yasubiri yapoe, usije ukapika mayai ndani ya bakuli.

jiko_la_gungu

Nimetuma kabla sijamaliza, kuna mteja aliniita. Kuloweka. Tumia sahani bapa pana siyo bakuli refu, zako zimekauka sana kwahiyo upande mmoja hesabu mpaka 30 taratibu, geuza, hesabu tena, toa weka juu ya wavu au chujio la chapati, ziache dakika tatu nne. Hapo kwenye wavu ndio siri, yai lililo nje linatembea kwenda ndani na la ziada linachuruzika. Wewe uliitoa kwenye mayai ukaitupa kwenye moto, ya pili ukaizamisha mpaka ikalewa. Bonyeza katikati na kidole, ikibonyea kama godoro na hakuna maji yanayotoka, iko tayari.

Moto sasa, na hapa mkaa ni mzuri kuliko gesi kama una subira. Mkaa ushike wote mpaka uvae jivu jeupe, hakuna mweusi hata mmoja unaorusha cheche, funga kimlango cha jiko. Dondosha tone la maji kwenye frampeni, likiruka ruka moto ni mkali, likitulia linachemka polepole sawa. Siagi peke yake inaungua, changanya kijiko cha siagi na kijiko cha mafuta ya alizeti. Upande wa kwanza funika na mfuniko dakika tatu ili katikati paive, geuza na mwiko mpana, upande wa pili usifunike upate ukavu. Kila baada ya mzunguko mmoja futa frampeni na kitambaa, ile sukari iliyovuja ndio itakuharibia wa pili yake.

mzee_wa_kwihara

Nimesoma yote. Branchi ni chai ya saa nne iliyovalishwa suti. Sisi tumekula viazi vitamu na karanga saa nne miaka yote na hakuna aliyeomba kisahani chenye konokono. Lakini kwa vile wageni ni mawifi, na mawifi hawana simile, sikukatishi tamaa binti yangu. Neno langu ni moja. Hiyo ni sukari juu ya sukari, mtu atakula kimoja kisha atakaa anaangalia dirisha. Weka kitu kichachu pembeni. Ukwaju loweka usiku, ukamue, usitie sukari hata punje, watu wanywe huo pamoja na hiyo kitu yako. Na kahawa iwe chungu.

nyuki_mdogo

Mzee umenena. Mimi niko Sikonge, da mama_wa_isevya hujasema kabisa habari ya asali na wewe uko Tabora, hii ni dhambi 😂 Acha hiyo aisingi ya sukari, chukua asali weka kwenye yale mayai badala ya sukari vijiko vitatu vinne, rolo itanukia miombo nyumba nzima.

jiko_la_gungu

Ndugu nyuki_mdogo hapana, usimharibie. Asali kwenye mayai inaungua kama sukari na zaidi, utapata rangi nyeusi dakika ya kwanza na ndani bado. Asali ni ya juu, ikishaiva ikiwa ya moto.

nyuki_mdogo

Sawa mkuu nimekubali, mimi narina tu sipiki. Basi iweke juu ila siyo kavu kavu, asali ya huku nyingine ni nzito na ina ukali wake, chukua vijiko vitano, kamulia nusu ndimu, kibakuli kiweke ndani ya maji ya moto (siyo kwenye moto wenyewe) ikoroge mpaka iwe inatiririka. Ile ndimu inajibu hoja ya mzee pia. Kama umeipata ya nyuki wadogo wasiouma hiyo yenyewe ina uchachu kiasili, haihitaji ndimu, ila bei yake unaijua, usiwamwagie mawifi.

Na mama, kama mawifi wanakuja na mtoto ambaye hajatimiza mwaka, asilambishwe asali hata kwenye ncha ya kidole. Najua wazee wetu wanalambisha vichanga, mimi nauza asali na bado nakataza, inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo la mtu mzima linavimudu ila la kichanga bado, na kuchemsha jikoni hakusaidii.

mama_wa_isevya

Jamani asanteni, nimeandika kwenye daftari. Nimejaribu visahani viwili jioni hii, kweli havijafunguka!! Ndani pameiva. Ila vimechukua muda, nimehesabu, vyote 14 vilivyobaki kwenye frampeni yangu inayobeba vitatu ni mizunguko mitano, kila mmoja dakika saba nane, nitakuwa jikoni kama dakika arobaini mawifi wamekaa sebuleni na mume wangu wanaongea kuhusu mimi. Hakuna namna ya kupika vyote mara moja?

mjukuu_wa_ujiji

Ipo. Mama yangu amekulia Bujumbura na huko kwa sababu ya Kifaransa mkate wa mayai wanauita pain perdu, maana yake mkate uliopotea, yaani mkate uliokauka umeshahesabiwa umepotea halafu mayai na maziwa yanaurudisha. Kwahiyo dada wewe na rolo zako za jumatano ndio mnafanya chakula chenyewe haswa, anayenunua mkate mpya wa leo aufanye hivi ndiye anayekosea, mkate mpya bado una maji yake, hauna nafasi ya kunywa mengine.

Namna ya mama ni ya sufuria. Hizo rolo unazikata vipande kama viazi vya kuchemsha, hapo hata zikifunguka hakuna anayejua. Sufuria pana unaipaka siagi mpaka kwenye kuta, unapanga vipande visishindiliwe, unamwagia mayai 6 yaliyopigwa na maziwa nusu lita hivi, unabonyeza bonyeza na mgongo wa mwiko mpaka vya juu navyo vilowe. Ukiwa na ule utando mnene unaoganda juu ya maziwa ya kuchemsha usiutupe, upasue pasue uupange juu. Kaa nusu saa. Halafu pika kama unavyopika mkate wa kumimina wa mkaa, moto mdogo sana chini, juu ya mfuniko palia mkaa mwingi zaidi ya wa chini. Mwingi juu, kidogo chini, ukigeuza hesabu hiyo umeunguza. Dakika 35 mpaka 45, inavimba kama keki, ukichoma kisu katikati kitoke bila yai bichi. Mama anaweka na zabibu kavu ila mimi sizipendi.

Unaweka jikoni, unaenda kukaa sebuleni unasikiliza mwenyewe wanachosema.

mpenda_mawese

Hivi siagi ikiisha mawese yanafaa?

jiko_la_gungu

Mimi ni mtu wa Kigoma nakujibu kwa uchungu, hapana.

mama_wa_isevya

😂😂 Mjukuu_wa_ujiji umeniokoa. Naweza kuchanganya na mayai jumamosi usiku nikalaza ili asubuhi nipike tu? Friji ninalo ila umeme hapa mtaani juzi ulikatika usiku mpaka alfajiri.

mjukuu_wa_ujiji

Kama friji linafanya kazi usiku wote ni bora hata zaidi, rolo zinalala zinakunywa vizuri. Ila kwa hali hiyo ya umeme usithubutu, mayai mabichi na maziwa yakishakaa kwenye joto zaidi ya saa mbili hivi usile tena, na ukilala umeme ukikatika saa sita usiku utajuaje. Jumamosi kata vipande tu, viache wazi kwenye trei umefunika na kitambaa vikauke zaidi. Asubuhi ukirudi misa ndio upige mayai. Nusu saa kuloweka, dakika 40 motoni, saa nne na nusu uko mezani.

kijana_wa_nkinga

Naingilia pembeni kidogo. Bibi yangu alipika kwa wamisionari wa Sweden huku Nkinga, Igunga, zamani na hizi rolo ndio alijifunza kwao, wao wanaziita kanelbulle na wana mpaka siku yake, tarehe 4 mwezi wa kumi kila mwaka tangu 1999. Nilichotaka kusema, za kwao unga unawekwa iliki kama tunavyoweka kwenye maandazi, na juu hawamwagi aisingi, wanarushia sukari ya punje kubwa kabla ya kuoka basi. Bibi hakuwahi kumwaga aisingi maisha yake. Kwahiyo dada kwa biashara yako, aisingi iweke kwenye kimfuko pembeni mteja amwagie mwenyewe akishachukua. Mteja asipotokea una rolo safi ya kugeuza unavyotaka, huna kazi ya kukwangua.

mama_wa_isevya

Hii ya kimfuko mbona sikuifikiria miaka yote hii. Asante kaka, salimia Igunga yote.

mama_wa_isevya

Jumapili jioni, narudi na majibu, nimechoka ila nimefurahi.

Nilifanya namna zote mbili maana roho haikutulia. Rolo 4 nikazikata vipande za sufuria, 2 nikazifanya visahani vinne vya kupendezesha meza. Mtanisamehe ile moja mtoto aliiona jumamosi nikiwa nafua. Rolo zilikuwa pungufu kwahiyo sufuria nikapunguza, mayai 4 na maziwa kikombe kimoja na robo. Mawifi wakafika saa nne kasoro, yaani kabla hata sijapalia mkaa, kumbe walipanda basi la alfajiri. Yule wa branchi akaja moja kwa moja jikoni akaniuliza "mbona umeweka moto juu ya mfuniko", nikamwambia subiri wifi.

Nilipofunua ilikuwa imevimba imefika ukingoni, pembeni imekuwa kahawia, katikati inatikisika kidogo nikaogopa, nikachoma kisu kikatoka kina unyevu, nikafunika tena dakika saba nikaongeza mkaa juu. Kosa langu nilisahau mkaa wa chini, sikuupunguza, kwahiyo chini kimeshika ganda la sukari kama unene wa shilingi. Nilidhani nimeharibu. Basi watu wakala ya juu wakamaliza halafu wakaanza kugombania lile ganda, wifi mkubwa amekwangua sufuria na kijiko amekaa chini kwenye kigoda, gauni la kanisani na lote. Asali niliyeyusha na ndimu kama alivyosema nyuki_mdogo. Visahani vile vya konokono vilipigwa picha mpaka vikapoa, wa branchi alivila vimepoa akasema ni vitamu, sawa.

Mume wangu safari hii hakusema siyo mbaya. Aliuliza kama imebaki.

Na mtajua hamjui, yule mteja wa treni kaniandikia saa kumi na moja jioni hii, safari imepangwa tena wiki ijayo, anataka rolo 24 zile zile. Nimemwambia hela yote kwanza na aisingi iko kwenye kimfuko.

jiko_la_gungu

Hongera dada. Lile ganda wala siyo kosa, hotelini wageni wa Ulaya walikuwa wanalilipia. Next taimu pindua sufuria kwenye sinia ikiwa bado ya moto, ganda linakuja juu lenyewe. Ukingoja ipoe hutoi kitu.

mzee_wa_kwihara

Ukwaju uliweka?

mama_wa_isevya

Niliweka mzee wangu, jagi zima, bila sukari. Uliisha kabla ya rolo.